Katibu Alitoka Nje

Kitendawili kilitegwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika kikundi cha simu cha chama cha waandishi wa programu. Aliyekitega alikuwa mwanachama mmoja mpenda mzaha, mtu ambaye hata kwenye salamu za rambirambi huona pa kuchomeka utani. Aliandika neno moja tu: "Kitendawili." Na kwa kuwa hao ni watu wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa kucha wakitafuta kisingizio cha kupumzika, majibu yakamiminika kama mvua juu ya bati. Tega. Tega. Tega bwana, tukusikie.

"Ametoka nje akafungiwa mlango, lakini yaliyosemwa ndani kayaandika yeye."

Mmoja akajibu ni upepo. Mwingine akasema ni simu. Wa tatu akasema huyo ni mchawi, aogopwe. Wakashindwa, au wakajifanya wameshindwa, wakampa mji. Walimpa mji wa Uwazi, maana uwazi ndilo neno kuu la chama chao, limechapwa mpaka kwenye fulana. Mtegaji alipokwisha kuupokea mji wake na kuutawala kidogo, akatoa jibu.

"Katibu."

Katibu aliyasoma hayo akiwa nyumbani, mezani, kompyuta yake ikigusana na ungo wa maharage ambayo mama mkwe wake alikuwa akiyachambua. Alisoma mpaka chini. Chini ya jibu mtu alikuwa ametundika picha mbili kandokando. Ya kwanza ilikuwa aya ya saba ya muhtasari wa kikao cha kamati: "Katibu, akiwa na maslahi katika ajenda hii kwa kuwa mmoja wa waombaji ni mumewe, alitoka nje." Ya pili ilikuwa historia ya faili lenyewe, katika saa zilezile ajenda hiyo ilipokuwa ikijadiliwa. Saa tano na dakika nne, Katibu amehifadhi. Saa tano na dakika kumi na moja, Katibu amehifadhi. Saa tano na dakika kumi na tisa, Katibu amehifadhi.

"Mbona umeacha kuandika?" mama mkwe akauliza. "Mashine imekufa?"

"Haijafa, mama. Inakumbuka tu."

Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa limelala. Karani wa ofisi nyingine yoyote angeandika kwa kalamu, akachapa baadaye, na hakuna ambaye angejua aliandikia wapi. Lakini watu wa kazi hii wamezoea kuhifadhi kila wakivuta pumzi, kwa kuogopa umeme, na huhifadhi mahali panapotunza kila badiliko: nani kagusa, kagusa nini, saa ngapi. Katibu mwenyewe ndiye aliyependekeza mihtasari ya chama iwekwe huko, kila mwanachama aione. Siku hiyo walimpigia makofi.

Jambo lenyewe halikuwa refu. Miezi miwili nyuma chama kilitafuta mratibu wa mafunzo, mtu wa kuwafundisha vijana kazi, kwa mshahara. Waliomba watatu. Mume wa Katibu, aliyekuwa amekaa mwaka na miezi miwili bila ajira, aliongoza kwenye usaili. Wa pili alikuwa shemeji yake Mwenyekiti, ndugu wa mkewe tumbo moja. Katiba ya chama inasema mwenye maslahi atoke nje jambo lake linapojadiliwa, na ajenda ilipofika Katibu aliinuka. Mwenyekiti akamuuliza, sasa ukitoka nani ataandika? Wajumbe wakatazamana, hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Basi kaa, wakamwambia, ila usifungue mdomo. Akakaa, na mdomo hakuufungua. Mumewe akapita bila mtu kupinga. Wakati viti vinapangwa, Mwenyekiti akainama mezani kwake akamwambia aandike kwamba alitoka.

"Si nilikuwepo?" Katibu akasema.

"Hukusema, hukupiga kura. Kutoka kwenyewe ndiko huko, dada. Andika, yasije yakatuletea maneno."

Akaandika. Ilikuwa sentensi moja, na alitaka kuwahi nyumbani akampe mumewe habari kwa mdomo wake mwenyewe.

Mumewe alirudi saa saba, saa ambayo kwa kawaida hula pamoja na vijana wake kule kwenye ukumbi wa mafunzo. Aliweka mkoba kitini, akanawa, akala vijiko vitatu. Kisha akasimulia taratibu, huku akicheka kwa meno tu. Asubuhi katikati ya somo kijana mmoja alinyoosha mkono akaomba ruhusa. Mwalimu, naomba nitoke nje, nitaendelea kuandika. Darasa zima likaanguka kwa kicheko.

"Ukamjibu nini?" mkewe akauliza.

"Nikamwambia toka. Akatoka. Akakaa dakika mbili, akarudi, akaniambia, mwalimu, nimemaliza kuandika yote."

Mama mkwe alicheka kwa sauti kabla hajajua anacheka nini, kisha akaziba mdomo kwa khanga. Kazi ya mwanawe hajapata kuielewa sawasawa. Kwa kuwa wenyewe huwa wanasema wanaandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, yeye miaka yote aliamini mwanawe ni mtu wa kukusanya kodi, na alikuwa akiwaonya majirani wasifanye mchezo naye. Lakini uso wa mwanawe aliujua. Alisogeza ungo kando akauliza kuna nini.

Mwenyekiti alifika saa kumi jioni akiwa na mkate na pakiti ya sukari. Kwenye vikao alimwita Katibu dada, lakini nyumbani kwake alimwita shemeji, maana alisoma darasa moja na mumewe. Alimwamkia mama mkwe kwa adabu zote, akauliza hali ya magoti, akasifu mapazia. Kwenye chama walimbandika jina la Mzee wa Uwazi, na hakulichukia.

Alipopewa chai alianza kwa kumlaumu yule binti mjaribu, mwanachama ambaye kazi yake ni kuzijaribu programu za wenzake na kutafuta makosa kabla wateja hawajayaona. Ndiye aliyekuwa akipitia mihtasari na historia zake. Msichana mwenye akili, alisema, ila akili isiyojua wapi isimame. Sasa wanachama wanataka mkutano mkuu wa dharura, na Jumamosi hii lazima ufanyike. Lakini yeye amefikiri, hakulala, na njia ameiona. Akatoa simu akawasomea barua aliyokuwa ameiandaa, mistari minne, ambayo Katibu angeitia sahihi. Anajiuzulu kwa sababu za kifamilia. Sentensi ile ya aya ya saba aliiandika kwa hiari yake, kwa kupitiwa, bila mtu kumwelekeza. Anaomba radhi.

"Ukisoma hivyo, basi, limekwisha," alisema. "Kazi ya mwenzangu huyu hakuna atakayeigusa. Mimi nipo."

Katibu alikuwa akiutazama mkate. "Lakini wewe ndiye uliyeniambia niandike."

"Shemeji." Mwenyekiti aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Kuna mahali pameandikwa kwamba nilikwambia?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anayeuliza kama kuna sukari zaidi. Katibu aliitafuta ile siku kichwani, akaona ni kweli: yeye ndiye aliyeandika kila neno la kikao kile, na neno lile moja la kuinamiana mezani hakuliandika.

Mumewe ndiye aliyejibu. "Tunashukuru sana, Mwenyekiti. Atatia sahihi."

Mgeni alipokwisha kusindikizwa, mume na mke waliingia chumbani wakafunga mlango, na mama mkwe akazima redio ili asikie vizuri zaidi.

Mume alikaa ukingoni mwa kitanda. Alimkumbusha mkewe ile miezi. Alikuwa akivaa shati la pasi kila asubuhi, anabeba mkoba, anakwenda kushinda maktaba akisoma magazeti ya juzi, ili mama asijue hana kazi. Mkewe alilikumbuka hilo. Alikumbuka pia kwamba mama alijua tangu wiki ya kwanza, na ndiye aliyekuwa akimtilia maji ya kunywa mkobani, kwa kuwa maktaba hawauzi chai. Hakuwahi kumwambia mumewe, na hata sasa hakumwambia.

"Ni mistari minne," mume akasema. "Unasoma, unakaa. Ukatibu wenyewe haukulipi hata nauli."

"Nimeshaandika uongo mmoja kwa ajili yako. Huu wa sasa si wako. Ni wake."

"Wake, wangu, wote ndio unaofanya watoto wetu wapate kula."

"Na kama ni mtego? Mimi nikisema niliandika peke yangu, wewe utakuwa umepata kazi kwa hila za mkeo. Watakuacha?"

"Amesema yupo."

"Alikuwepo na siku ile."

Mume alijilaza chali, akafunika macho kwa mkono. Alisema kwa sauti ndogo kwamba aliongoza kwenye usaili. Aliongoza kweli, kwa akili zake, na mtu wa kulikumbuka hilo hayupo hata mmoja. Mkewe alikaa kando yake asiseme kitu. Yeye akakuchukua kule kunyamaza kuwa ndiyo, na kesho yake akaamka mwepesi, akaenda kufundisha.

Alhamisi yule binti mjaribu alikuja mwenyewe. Hakukubali kuingia ndani. Alisimama mlangoni akiwa na kofia ya pikipiki mkononi, akaeleza kwamba hakumlenga mtu. Alikuwa akilinganisha mihtasari ya mwaka mzima na historia ya faili, kama anavyofanya kazini, na aya ya saba ikamjia yenyewe. Alimwandikia Mwenyekiti peke yake, kwa siri. Jinsi ilivyofika kwa yule mpenda mzaha hajui. Katibu alimsikiliza, na aliposikia kwa siri akaukumbuka mkate wa Mwenyekiti.

"Dada, ile sentensi haifanani na uandishi wako," binti akasema. "Nimesoma mihtasari yako yote. Nani alikwambia uiandike?"

"Nikikutajia utaniamini?"

"Nitakuamini." Binti alizungusha kofia mikononi. "Ila kuamini kwangu hakuwezi kuhifadhiwa kwenye faili. Hakuna saa, hakuna jina."

Jumamosi wanachama walikutana katika darasa la shule ya msingi waliloliazima. Watu wazima sitini na ushee, magoti yamegonga vidawati vya watoto, na ubaoni hesabu za kutoa za tangu jana. Katibu alipoingia mtu nyuma alinong'ona "tega", na kicheko kikapita kama upepo kwenye mahindi. Mumewe alikuwa amekaa safu ya mbele, shati jeupe, mikono juu ya dawati kama mwanafunzi mwema. Alimtikisia mkewe kichwa, kumtia moyo.

Katibu alikuwa na ile barua mkononi, imechapwa. Alisimama, akaitazama mpaka herufi zikaanza kucheza, kisha akaikunja.

"Sikutoka nje," alisema. "Nilikaa kikao chote, kwa kuwa niliambiwa nikae niandike. Niliandika kwamba nilitoka kwa kuwa Mwenyekiti aliniambia niandike hivyo. Mkono ulikuwa wangu, nao nauombea radhi. Neno lilikuwa lake."

Alisikia dawati la mbele likilia. Hakumtazama mumewe.

Mwenyekiti hakukasirika. Alisikitika. Aliwaomba wajumbe wa kamati waliokuwepo siku ile waseme walichosikia. Mmoja akasema hakumbuki vizuri, siku hiyo alikuwa na malaria. Mwingine akasema kwa upande wake yeye anakumbuka kile kilichomo kwenye muhtasari. Waliobaki hawakuinuka. Mwenyekiti akawageukia wanachama na kuuliza, kwa heshima, kama kuna maandishi yoyote ya maelekezo hayo anayodaiwa kuyatoa, kwa sababu chama hiki kinakwenda kwa maandishi. Hakikuwa na maandishi.

Binti mjaribu aliinua mkono. Alitaka kujua kwa nini siku ile Mwenyekiti mwenyewe hakutoka, ilhali shemeji yake naye alikuwa ameomba.

"Shemeji yangu alikosa," Mwenyekiti akajibu. "Aliyekosa ana maslahi gani?"

Darasa likacheka, na kicheko kilikuwa upande wake. Akakiacha kiishe. Kisha akasema kwamba dada yao amekiri, na amefanya vyema kukiri, na kukiri huko kumeonyesha kwamba uteuzi wa mratibu ulifanyika katika kikao kisicho safi. Hana budi kuurudisha mbele ya wanachama wote leo hii, kwa mujibu wa katiba, neno kwa neno. Waliofanya usaili wakasoma matokeo. Wa kwanza amepoteza sifa. Wa pili anajulikana.

"Na kwa kuwa huyo wa pili ni shemeji yangu," alisema, akiinuka na kujifunga vifungo vya koti, "natangaza maslahi yangu mbele yenu. Natoka nje. Na wote wenye maslahi tutoke, ili mzungumze kwa uhuru."

Wakampigia makofi mpaka mlangoni. Binti mjaribu akaombwa kuandika. Katibu akatoka, na nyuma yake mumewe, akipita katikati ya madawati kwa ubavu, akiwaomba watu radhi kila hatua.

Wakasimama watatu kwenye ujia. Ukutani palikuwa na michoro ya watoto: nyumba, jua, mbwa mwenye miguu mitano. Mwenyekiti aliichungulia mmojammoja, akasema watoto wa siku hizi wana vipaji. Akaingiza mkono mfukoni akatoa pipi za mnanaa. Akamnyooshea Katibu, naye akakataa kwa kichwa. Akamnyooshea mumewe.

Mumewe akapokea.

"Ahsante, Mwenyekiti," alisema, akaimenya, akaitia mdomoni.

Katibu akageuka kutazama mbwa wa miguu mitano. Kupitia mlango uliofungwa hawakusikia ubishi. Walisikia sauti moja ikisoma, kisha sauti moja ikiuliza, kisha madawati yakikwaruza sakafu kwa pamoja, watu walipokuwa wakiinua mikono. Makofi yalipolia, pipi ilikuwa bado haijaisha kinywani mwa mumewe. Aliisogeza shavuni ili aweze kumeza mate.

Jumapili hakusema na mkewe. Alisema na mama yake. Mama, mwambie anipe chaja. Mama, muulize funguo ziko wapi. Na mama, akiwa katikati yao mezani, alizipeleka salamu hizo umbali wa mkono mmoja, akageuka kuzirudisha, mpaka akachoka akasema yeye si mnara wa simu. Hakuna aliyecheka. Watoto wakala haraka, wakaenda kucheza kwa jirani bila kufukuzwa.

Jumatatu asubuhi muhtasari ulitundikwa mbele ya wanachama wote. Katibu, ambaye kwa kukiri kwake sasa hakuwa katibu wa kitu chochote, aliufungua pale pale mezani. Aliusoma mara mbili. Halafu akafungua historia ya faili, akapitia saa moja baada ya nyingine: aliyeandika ni yule binti, ndani ya darasa, kwa saa zilezile walizokuwa wao kwenye ujia. Hesabu ya mikono iliyompitisha shemeji yake Mwenyekiti ilijumlika sawasawa. Alitafuta koma iliyokaa vibaya, akaikosa.

Mama mkwe alivuta kiti. Alitaka kusomewa. "Wamemwandikaje mwanangu?"

"Wameandika kwamba wenye maslahi walitoka nje."

"Jina lake hawakuliweka?"

"Hawakuliweka, mama. Wametuandika pamoja. Wenye maslahi watatu."

"Watatu ndio nani na nani?"

"Mimi, yeye, na Mwenyekiti."

Mama mkwe aligeuka kumtazama mwanawe. Ilikuwa saa nne ya siku ya kazi, naye alikuwa amelala kwenye kochi, uso ukutani, shati la pasi mwilini na viatu miguuni. Akamtazama muda mrefu, akitafuta hayo maslahi yako upande gani. Kisha akarudi kwa mkwewe.

"Na kilichoandikwa ni kweli, au ni kama kile cha kwanza?"

Mkwewe akapandisha ukurasa juu, akaushusha tena mpaka mwisho.

"Ni kweli, mama," akasema. "Safari hii hakuna neno la uongo hata moja."